Pole na Kazi Haina Kiingereza

Benchi lenyewe ni mbao mbili juu ya makreti ya bia, mbele ya dirisha langu la kahawa, nyuma ya kituo cha Kami-Igusa hapa Tokyo. Huu ni mtaa wa katuni. Usipokutana na mchoraji, utakutana na mtu anayemsubiri mchoraji amalize. Mimi nilizaliwa Tanga, nikaolewa huku na marehemu Nagase, na dirisha aliniachia yeye. Wateja wa benchi nimewabatiza mwenyewe na wameshazoea. Brashi ni Mzee Hirabayashi, aliyechora mandhari za katuni mpaka macho yakamgomea. Teksi ni Kakuta, anayeegesha gari pale kona na kusema yuko kazini. Muhuri ni Shigeno, wa ile kampuni ndogo ya ghorofa ya pili inayouza katuni nchi za nje. Hakuna toleo la kigeni linalotoka bila yeye kulipitisha. Siku hiyo alikuja mapema, akakaa na simu mkononi, wala hakuniamkia.

TEKSI: Muhuri, uso huo vipi? Wamarekani wameghairi?

MUHURI: Hawajaghairi. Walishanunua, na wanaonyesha siku ileile na sisi, saa ileile na sisi. Tatizo ni neno.

BRASHI: Mtu mzima unanuna kwa neno moja?

MUHURI: Ni lile la mwisho. Kwenye ile ya dobi.

Hapo tukatega masikio, maana ile katuni ya dobi mtaa mzima tunaifuata. Binti ameacha chuo, karudi kupiga pasi dukani kwa baba yake, na baba hamsemeshi. Kipindi baada ya kipindi ni mvuke, mashati, na mzee kimya kama kanuniwa na dunia. Kipindi cha mwisho kilikuwa bado hakijaonyeshwa, ila Muhuri alishatunong'oneza na sisi tukaapa kufunga midomo. Mzee anaingia jioni, anatazama mashati yaliyotundikwa, anasema, “Otsukaresama.” Kwisha. Neno hilo huku tunalisema kutwa, mtu akitoka kazini, akimaliza kikao, akishusha mzigo. Kwa Kiswahili ni pole na kazi, haipungui wala haizidi.

MUHURI: Wenzetu wa Texas, wanaoigiza upya sauti kwa Kiingereza, wameleta maneno yao. Baba anasema, “Kazi nzuri, mwanangu.”

BRASHI: Aka. Hiyo si pole na kazi. Hiyo ni ya mwalimu anayempa mtoto alama.

MUHURI: Ndiyo maana nimekaa hivi. Wanataka jibu saa kumi na moja jioni hii, ili wakiamka waingie studio. Nikisema ndiyo, imetoka hivyo dunia nzima inayosikia Kiingereza. Nikisema hapana halafu sina cha kuwapa, kipindi cha mwisho kwao kinachelewa. Na Bi Ochiai nilimuahidi.

Bi Ochiai ndiye aliyeiandika hadithi. Hakutaka kabisa iuzwe nje. Muhuri alikwenda kwake mara nyingi, akainama mlangoni mpaka mama wa watu akaona aibu, ndipo akakubali kwa sharti moja, kwamba lile neno lifike zima. Muhuri aliapa litafika. Kampuni ilimpongeza sana, na kwa kweli hata mimi nilijivuna, maana ahadi yenyewe aliipangia hapa hapa benchini.

TEKSI: Hao jamaa ni wavivu, basi. Wamechukua neno la juu juu.

MUHURI: Usiwatukane, Kakuta. Huwajui. Sisi tunawapelekea picha zisizo na maandishi, muziki mbali, sauti mbali, wao wanajenga upya. Juzi wameniuliza pasi ya mvuke inalia vipi majira ya baridi, ili binti asiongee kwa nguvu kuliko pasi. Nani mwingine ameniuliza hivyo? Hata hapa kwetu hakuna aliyeuliza.

BRASHI: Hilo nalikubali. Mimi zamani nilichora bomba lenye kutu nyuma ya kituo, mahali ambapo nilidhani hapatazamwi. Mwanamke wa mji wa Lima, ng'ambo huko, akaniandikia barua. Anauliza ile kutu niliiona wapi, kwa sababu kwao iko vilevile. Nililia, sifichi. Kama si watu kama Muhuri, bomba langu lingeishia hapa hapa wilayani Suginami.

TEKSI: Haya, nimefuta usemi. Lakini kwa nini hawana pole na kazi? Watu wazima, wanafanya kazi, wanachoka.

BRASHI: Hawachoki. Nimefikiria sana. Kila kitu wanafanyiwa na mashine. Neno halizaliwi mahali pasipo na uchovu.

TEKSI: Nimebeba Wamarekani wangapi kwenye gari langu? Wote walikuwa hoi, wanalala kabla sijaingiza gia. Wanachoka, ila wakichoka kila mtu anajichokea kivyake.

MUHURI: Nyie mnanisaidia au mnapiga soga?

TEKSI: Liache kwa Kijapani, bwana. Kwani sushi walipewa tafsiri? Waliila tu wakajua.

MUHURI: Kwenye maandishi ya chini ningeweza. Huyu anaongea kwa sauti, Kiingereza mwanzo mpaka mwisho. Akigeuka ghafla Kijapani neno la mwisho, watadhani mzee amepatwa na kiharusi.

BRASHI: Basi akohoe. Baba akikohoa vizuri, binti ataelewa.

MUHURI: Mdomo wake kwenye picha unafunguka na kufungika. Lazima kitoke kitu kinachojaza mdomo.

BRASHI: Akohoe kirefu.

TEKSI: Wapelekeni wale waigizaji kwenye duka la dobi wa kweli, kule Osaka, majira ya joto. Wafungieni humo wapige pasi. Jioni mlango ukifunguliwa, neno la kwanza litakalowatoka mdomoni, hilo hilo.

MUHURI: Litakalowatoka haliruhusiwi kwenye televisheni.

Tukacheka, hata yeye. Mimi nikaona ndio wakati wangu. Nikaegemea dirisha nikawaambia kwamba kwetu tunalo, zima, na tunalisema hata kwa mtu tusiyemjua anayechimba mtaro njiani. Pole na kazi. Wakanitaka nirudie. Teksi akalijaribu mdomoni, akalipenda.

TEKSI: Mambo yamekwisha. Wamarekani wajifunze Kiswahili.

BRASHI: Na mama hapa awe mwalimu. Muhuri, kwa nini hujawauzia hawa watu wake? Wana neno tayari.

MUHURI: Natamani. Siku nikiwauzia, kazi hiyo nitaipitisha nikiwa nimefumba macho.

Nikajiona nimewashinda wote. Nikawaongezea kahawa bila kuombwa.

Pembeni ya benchi alikuwa amekaa mzee mgeni, kofia magotini, akimsubiri mkewe aliyeingia kwa daktari wa meno mlango wa pili. Alikuwa ametusikiliza muda wote kwa adabu, hata kikombe chake anakiweka taratibu. Akaomba radhi kwanza.

MGENI: Samahani kuwaingilia. Mimi katuni sizijui. Huyo baba, anamwambia nani?

TEKSI: Anamwambia binti yake, mzee wangu. Nani mwingine?

MGENI: Nimesikia anatazama mashati.

MUHURI: Ni kweli. Binti yuko nyuma yake. Mzee amempa mgongo.

MGENI: Na dukani wako wawili tu?

Muhuri akakitazama tena kipindi kile kwenye simu.

MUHURI: Ukutani kuna picha ya mama. Marehemu. Juu ya yale mashati.

BRASHI: Basi anamwambia mkewe.

TEKSI: Hawezi kumwambia mkewe. Vipindi vyote tunasubiri aongee na binti, halafu aongee na picha?

BRASHI: Au anajiambia mwenyewe. Mimi nikimaliza ukuta mkubwa nilikuwa najiambia.

Mzee wa watu akawa anageuza kofia yake, anaona amechokoza mambo. Na mimi niliyejidai na Kiswahili changu nikashikwa. Kwetu lazima uchague. Kama ni binti peke yake, ni pole. Kama ni binti na mama yake, ni poleni. Kijapani kinamwacha mzee asichague, na mimi ningemlazimisha, sawasawa na wale wa Texas waliomtilia “mwanangu” mdomoni. Nikafuta kaunta iliyokuwa safi.

Muhuri akasema miaka yote hii amekuwa akilipigania neno na hakuwahi kuuliza linakwenda kwa nani. Akampigia Bi Ochiai pale pale, akaweka simu juu ya benchi, sauti wazi. Tukainamisha vichwa.

MUHURI: Bi Ochiai, ni Shigeno. Samahani kwa usumbufu. Baba wa dobi, neno lake la mwisho, anamwambia nani?

Tulisikia anavuta pumzi. Teksi alitaka kusema kitu, Brashi akamkanyaga.

BI OCHIAI: Mbona hukuniuliza siku zote?

MUHURI: Nilidhani najua. Nisamehe.

BI OCHIAI: Baba yangu alilisema siku niliyorudi nyumbani kupiga pasi. Alitugeuzia mgongo, mimi na mama. Kwenye hadithi nimemtundika mama ukutani, lakini siku ile alikuwa hai, amesimama nyuma yangu na kapu la nguo. Sikujua anamwambia nani kati yetu. Niliona haya kumuuliza. Halafu baba akafa.

Muhuri akaisogelea simu.

BI OCHIAI: Kwa hiyo sijui, Shigeno. Nimeandika hadithi nzima na bado sijui.

MUHURI: Wa Texas wamemwandikia, “Kazi nzuri, mwanangu.”

BI OCHIAI: Hapana. Wasimpe yule binti kitu ambacho mimi sikupewa.

Muhuri akachukua kalamu ya oda zangu, akaandika kwenye kiganja, akafuta, akaandika tena. Ilikuwa inakaribia saa kumi na moja. Kisha akasema kitu kwa Kiingereza, kifupi, kwa sauti ya chini, midomo yake ikienda polepole kama ya yule baba.

BI OCHIAI: Maana yake nini?

MUHURI: Siku ilikuwa ndefu. Haisemi ya nani. Haimtaji mtu.

BI OCHIAI: Sema tena kwa Kiingereza.

Akasema tena. Alipomaliza, tukamsikia analia taratibu, mama wa watu, bila kuficha.

BI OCHIAI: Huyo ndiye baba.