Kengele ya Mkuu Kikuchi

KIKUCHI: Haloo! Nani huyo? Paza sauti, masikio yangu yamejaa kengele!

MASANOBU: Ni mimi, mkuu. Masanobu kinyozi. Niko lango la tatu la ukuta wa bahari, na vijana wetu wawili wa zimamoto ya kujitolea.

KIKUCHI: Afadhali! Mzima?

MASANOBU: Mzima. Tangu ardhi itulie—

KIKUCHI: Haijatulia, imepumua tu. Mmefunga lango?

MASANOBU: Bado. Tetemeko limepinda reli, lango limekwama. Tumesukuma mpaka Tadao katapika.

KIKUCHI: Liacheni. Pandeni hekaluni, kilimani.

MASANOBU: Umebaki upenyo wa kupita mtu tu—

KIKUCHI: Nimesema liacheni! Redio imesema tsunami ya mita sita, dakika kumi na tano. Tisa zimeshakwenda.

MASANOBU: Na isipokuja? Mwaka juzi ulitukimbiza, likaja wimbi la kulowesha viatu. Mji mzima ulikucheka, hata tofu yako ya soya dukani hawakununua.

KIKUCHI: Wacheke. Tofu nitaila mwenyewe. Tokeni hapo!

MASANOBU: Vijana hawataki.

KIKUCHI: Hawataki nini?

MASANOBU: Kutoka. Nimewaambia mara mbili. Eisaku ananijibu, sikiliza, mkuu bado anapiga. Zimamoto haachi lindo kengele ya mkuu ikilia. Wewe ndiye uliyetuapisha, mkuu.

KIKUCHI: Lo! Jamani, hii nawapigia watu wa mtaani wakimbie! Umeme umekatika, vipaza sauti vimekufa—

MASANOBU: Mimi najua. Wao—

KIKUCHI: Mpe Eisaku simu.

MASANOBU: Anang'ang'ania gurudumu la lango, hageuki. (mkwaruzo) ...kuu? Ngoja. Unapiga kwa mkono? Uko mnara wa sokoni?

KIKUCHI: Kuna mwingine?

MASANOBU: Huko ni chini kuliko huku! Si ulisema utakuwa hekaluni?

KIKUCHI: Nimtume nani, Masanobu? Nimpeleke mtoto wa mwenzangu kwenye hatari, mimi nikae juu nitazame?

MASANOBU: Umeshatupeleka! Wewe ukibaki, hakuna anayetoka. Naogopa, mkuu, nakwambia wazi. Nina watoto wawili wa watu hapa.

(Kengele.)

KIKUCHI: Mama yangu yuko nyumbani kwake, nyuma ya soko.

MASANOBU: Mpigie—

KIKUCHI: Simu hana. Redio haisikii. Anasikia kengele hii tu. Nikiiacha atadhani yamekwisha, atarudi jikoni.

MASANOBU: Mkuu... bahari inarudi nyuma. Boti zimekaa kwenye tope.

KIKUCHI: Imerudi mpaka wapi?

MASANOBU: Siioni.

(Kengele, mara moja. Kisha hailii tena.)

KIKUCHI: Nimeachia kamba.

MASANOBU: Eisaku! Imenyamaza, umesikia? Achia! Tadao, mbio! Wanakuja, mkuu, wanakuja—

KIKUCHI: Waweke mbele yako. Mbele, sio nyuma!

MASANOBU: Wako mbele. (anahema) Tuko ngazi za hekalu. Watatu, tumetimia. Na wewe?

KIKUCHI: Nimeshuka. Napita hapa kwa mama, ni hatua chache—

MASANOBU: Usipite! Amri uliyotupa sisi na wewe ikushike!

KIKUCHI: Ninyi ni kikosi. Huyu ni mama yangu. (mkwaruzo) Mama! Mama we! ...Masanobu, pengine ametoka. Pengine majirani wamemchukua.

MASANOBU: Wamemchukua, naam! Geuka, kaka, nakuomba.

KIKUCHI: Viatu vyake vipo mlangoni. Yumo ndani.

MASANOBU: Mkuu, yale maji... yameshapita ukuta wa bandari.

KIKUCHI: Nisikilize. Kikosi ni chako sasa. Asishuke mtu kunitafuta. Hata mmoja. Wewe pia.

MASANOBU: Kaka Kikuchi—

KIKUCHI: Sema umenisikia!

MASANOBU: ...Nimekusikia.

KIKUCHI: Haya. Mama, ni mimi, nipe mkon—

(Simu imekatika.)

MASANOBU: Haloo? Mkuu? ...Eisaku, unakwenda wapi? Rudi hapa. Rudi, nimesema!