Merrill Stukenberg, Aliyebomoa Kuta Alizozijenga Mwenyewe

Marehemu Merrill August Stukenberg alizaliwa tarehe 14 Machi 1947 shambani kwa wazazi wake, nje kidogo ya mji wa Delby, jimbo la Indiana. Alikuwa mtoto pekee wa marehemu Bwana Otto na Bibi Hedwig Stukenberg, waliolima mahindi na kufuga nguruwe. Nyumba yao ilikuwa kubwa kuliko watu wake. Mwenyewe alipenda kusema kwamba utotoni alizungumza zaidi na nguruwe kuliko na binadamu, na kwamba nguruwe walimsikiliza vizuri kuliko kamati yoyote aliyokuja kuiongoza baadaye. Mama yake alimwachia redio ikilia chumbani ili asilale kwenye kimya. Alibatizwa na kupata kipaimara katika kanisa la Kilutheri hapohapo Delby.

Alisoma shule za Delby hadi mwaka 1965, kisha akajiunga na Chuo cha Wexley kusomea uhandisi wa mitambo. Muhula wake wa kwanza alikaribishwa katika Zeta Rho, chama cha undugu cha wanafunzi wa kiume wanaoishi pamoja, kwenye ile nyumba ya matofali mekundu ya Mtaa wa Sycamore ambayo wengi wenu mnaijua kuliko mnavyojua nyumba zenu. Kila ndugu alikuwa na meza yake ya kusomea ghorofa za chini. Kulala, walilala wote juu, chini ya paa, katika ukumbi mmoja mrefu uliojaa vitanda vya deka, bila hita, madirisha wazi hata theluji ikianguka. Ndilo Bweni la Juu. Ndivyo ilivyokuwa tangu nyumba ijengwe, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Merrill alilala kitanda cha chini. Juu yake alilala Royce Tamblyn wa Terre Haute, ambaye yuko nasi leo, na ambaye alikoroma na bado anakoroma. Merrill alimwandikia mama yake kwamba hapo ndipo alipopata usingizi wa kweli kwa mara ya kwanza maishani, kwa kuwa popote alipogeuka palikuwa na mtu anapumua. Alihitimu mwaka 1969.

Baada ya hapo alifanya kazi Fort Wayne, katika kampuni ya kufunga mifumo ya joto kwenye majengo, na mwaka 1978 akahamia Wexley na kufungua ofisi yake mwenyewe ya kazi hiyohiyo. Alistaafu mwaka 2012. Shule, makanisa na hospitali za wilaya tatu zilipata joto kwa mikono yake. Alikuwa mtu asiyevumilia baridi ndani ya jengo. Ukimkaribisha chakula cha jioni, kwanza anapapasa mabomba yako ya joto ndipo anasalimia watoto.

Alifunga ndoa na Bi. Corinne Vasek tarehe 16 Juni 1973. Walikutana miaka minne kabla ya hapo, kwenye dansi ya majira ya kuchipua ya Zeta Rho. Boila ilizimika katikati ya dansi, Merrill akashuka chini na suti yake ya kuazima, akarudi uso mweusi kwa masizi, akamwendea msichana ambaye hakuwa amecheza na mtu.

"Umetoka mgodini?" Corinne alimuuliza.

"Nimetoka kukuwashia joto," akajibu.

Corinne anasema angemkatalia kama asingekuwa anatetemeka kwa baridi muda huo. Mungu aliwajalia watoto wawili, Gretchen na Neil.

Alipohamia Wexley, wahitimu wa Zeta Rho walimchagua mwenyekiti wa kamati ya nyumba, na hakutoka tena kwenye kiti hicho. Paa, mifereji, ngazi, jiko, vyote vilikuwa vyake. Yeye ndiye aliyeanzisha Wiki ya Kazi: kila Agosti, kabla chuo hakijafunguliwa, wahitimu wanarudi na mavazi ya zamani, wanashika brashi na misumeno pamoja na vijana wanaoishi mle, na mtu hukarabati chumba alichowahi kusomea. Na kila Jumapili baada ya ibada, kwa miaka yote hiyo, alikaa jikoni na kuwapigia ndugu simu mmoja mmoja. Hakuwa akiomba kitu. Aliuliza magoti yako yanaendeleaje, mbwa amepona, binti ameolewa, kisha akakueleza hali ya mifereji ya paa hata kama hukuuliza. Kuna wanasheria Seattle na wakulima Nebraska ambao hadi leo wanajua mifereji ya Mtaa wa Sycamore inavujia upande gani.

Familia imeamua kusema hapa jambo ambalo marehemu mwenyewe hakulificha. Mwaka 1994 alifanya kosa, na lilikuwa kosa la mtu mwenye kazi kama yake. Alishindwa kuvumilia kwamba katika nyumba anayoitunza kuna ukumbi mzima usio na joto. Akaleta mafundi, wakaligawa Bweni la Juu kwa kuta za jipsamu, likawa vyumba vidogo vizuri, kila kimoja na hita yake na mlango wake. Hakumuuliza kijana hata mmoja. Royce alikuja kwenye Wiki ya Kazi mwaka ule, akapanda juu, akashuka akiwa amekasirika.

"Merrill, umewajengea nini hawa?"

"Joto, bwana. Miaka ya tisini hii."

"Sisi tulikufa kwa baridi?"

"Wewe ulikuwa unakoroma tu, hata kifo kisingekusogelea."

Royce hakucheka. "Nikirudi hapa nitamtembelea nani? Mlango?"

Akaondoka, na Wiki za Kazi zilizofuata hakuonekana. Simu ya Jumapili alipokea mkewe, kila mara akisema Royce ametoka kidogo.

Ilichukua muda kabla madhara hayajaonekana. Vijana walifurahia vyumba. Walifunga milango, wakala chakula chao kitandani, na walipohitimu wakaondoka kama watu wanaotoka hotelini. Merrill aliwapigia Jumapili, hawakupokea. Jumamosi ya marejeo, wakati wahitimu wanaporudi kuangalia mpira na kula sandwichi za nguruwe wa kukaanga uani, waliokuja walikuwa wazee wa zamani, na kila mwaka walipungua. Merrill alilaumu vijana wa siku hizi, kisha akalaumu kompyuta. Mwaka 2006 makao makuu ya chama yalimtuma mtu kutoka Cincinnati aje kusema waziwazi: wasipopatikana wanachama wapya wa kutosha ifikapo vuli ya mwaka unaofuata, tawi la Wexley litafungwa, na chuo kitaichukua nyumba na kuibomoa. Walitaka mahali pa kuegesha magari.

Majira hayo ya baridi bomba lilipasuka juu, na Merrill akaenda kulitengeneza. Alihitaji kuingia chumba cha jirani, hakikuwa na mtu. Akamuuliza kijana wa mlango wa pili jirani yake anaitwa nani, ampigie.

"Huyo wa hapo?" kijana akafikiri. "Sijui, mzee. Ana gitaa."

Walikuwa wameishi ukuta kwa ukuta tangu Agosti. Kijana hakuwa mkorofi wala hakuwa mjinga. Hakuwa na sababu ya kujua, ndiyo hivyo tu. Merrill alimaliza kazi ya bomba, maana hakuwahi kuacha bomba katikati, akarudi nyumbani akasimama kwenye mlango wa jikoni, koti lake bado mwilini.

"Umekula?" Corinne akauliza.

"Nimekosea."

"Lini?"

"Tulipojenga zile kuta."

"Afadhali," Corinne akasema. "Nilidhani umegonga gari."

Kisha akamvua koti, kwa sababu aliona machozi. Ilimuuma sana kwamba yeye, aliyelala peke yake utoto mzima, ndiye aliyewafungia wenzake mlango. Aliketi, akampigia Royce, na safari hii Royce alipokea mwenyewe.

"Ni Merrill."

"Najua. Sauti ya mtu anayeuza boila haipotei."

"Nataka kubomoa kuta."

Corinne anasema alisikia mbwa wa Royce akibweka kule.

"Nije na nyundo ya ukubwa gani?" Royce akauliza.

Zikafuata simu nyingine, na hazikuwa za kuuliza magoti. Kila aliyempigia alimwambia maneno yaleyale: nilikosea, sikuwauliza, njoo tubomoe. Wengine walimtania mpaka akatamani kukata simu. Ndugu mmoja wa Denver alimwambia arudie tena sentensi ile polepole amsikilizishe mkewe, maana kumsikia Merrill Stukenberg akikiri kosa ni jambo la kusikilizishana. Alirudia. Agosti 2007 walikuja wengi kuliko Wiki ya Kazi yoyote iliyotangulia, na vijana waliokuwa na gitaa na wasiokuwa nalo wakabeba vifusi na hita zilizong'olewa pamoja nao. Nyundo ya kwanza alipiga Merrill. Ya pili alipiga Royce, na akakosa ukuta akavunja taa, na hilo tunalisema kwa kuwa marehemu alituachia agizo lisemwe.

Wakavuta vitanda vya deka kutoka stoo. Wiki ile nzima walilala humo, wazee na vijana, madirisha wazi. Kisha vijana wakaanza kuleta rafiki zao kuona, na rafiki wakabaki. Vuli ile mtu wa Cincinnati alipokuja tena, hakupata hata mahali pa kuegesha gari lake, na akala sandwichi mbili uani. Tawi halikufungwa. Merrill alisema tangu siku ya kwanza kwamba lingepona, na alisema hivyo kwa namna ambayo watu walimwamini kabla ya kuwa na sababu. Huo ndio uliokuwa ujasiri wake. Alikiri kosa bila kuinamisha kichwa, akapanga nyundo, akaagiza chakula.

Mwaka 2022 alianza kukosa pumzi kwenye ngazi. Madaktari waligundua ugonjwa wa mapafu usiokuwa na tiba, na kwa miaka miwili alitembea na mtungi wa oksijeni ambao alikuwa akiukosoa namna ulivyofungwa. Januari mwaka huu alilazwa. Aliendelea kupiga simu Jumapili akiwa kitandani, akisema maneno machache machache, na ndugu wakajifunza kungoja.

Siku hizo vijana wa Zeta Rho walikuwa wameleta hoja ya kurudisha vyumba. Mabweni mapya ya chuo yana chumba cha mtu mmoja na bafu lake, na wazazi wanauliza. Deven Kowalczyk, mwenyekiti wao, alikuja hospitali kumwomba neno.

"Mzee, sema tu, mimi nikawasomee. Wakisikia umesema hapana, basi imekwisha."

"Ndiyo maana sisemi," Merrill akajibu. "Mara ya kwanza niliamua peke yangu. Nikiamua tena peke yangu nitakuwa sijajifunza kitu."

"Na wakijenga kuta je?"

"Watakuwa na kosa lao. Langu nilishalibomoa." Akavuta pumzi. "Ila wapige kura wote wakiwa chumba kimoja. Wasitumiane kwenye simu."

Deven alipoondoka, Merrill alimshika Corinne mkono na kumwambia anaogopa. Hakuogopa kufa. Aliogopa milango ile. Ilikuwa nadra kwake kusema neno hilo, na Corinne hakumfariji kwa uongo, alikaa tu.

Kura ilipigwa Jumapili tarehe 4 Februari 2024, katika Bweni la Juu. Kesho yake Deven alirudi, sauti imekauka.

"Tumebishana toka chakula cha mchana mpaka giza, mzee. Watu wametukanana. Wawili wamelia. Mmoja ameomba radhi akatukana tena."

"Wote mlikuwepo?"

"Wote. Hata wasiozungumzaga."

Merrill alifumba macho, akatabasamu. Familia iliyokuwapo inashuhudia kwamba alitabasamu kabla ya kuuliza matokeo.

"Haya, imekuwaje?"

"Hakuna kuta. Lakini hita tunafunga, mzee. Samahani. Baridi ni baridi."

"Samahani ya nini? Mimi ni mtu wa hita." Akamwelekeza bomba kubwa lipite upande wa mashariki, valvu ziwekwe mahali mtu anapofikia bila ngazi, na wasimpe kazi fundi yeyote anayefika na viatu visafi. Hayo ndiyo yalikuwa maagizo yake ya mwisho kuhusu nyumba.

Alifariki Alhamisi tarehe 8 Februari 2024, saa tisa alasiri, mkewe na watoto wake wakiwa kando yake. Alikuwa na umri wa miaka sabini na sita.

Marehemu ameacha mjane, Bi. Corinne, watoto wawili, Gretchen na mumewe Paul, na Neil na mkewe Yesenia, wajukuu watano, rafiki yake Royce Tamblyn, ambaye familia inamhesabu shemeji, na ndugu wa Zeta Rho, walio hapa na wasioweza kusafiri.

Baada ya maziko, mnakaribishwa nyote Mtaa wa Sycamore kwa chakula. Ndugu watakaolala watalala Bweni la Juu. Waje na blanketi nzito, hita hazijafungwa bado. Bi. Corinne, ambaye kwa desturi ya nyumba, isiyoruhusu wanawake kule juu, hajawahi kupanda ngazi ile ya mwisho, ameomba kitanda cha chini, na vijana wamekubali bila kupiga kura. Gretchen alipomwambia atapata kichomi, alijibu kwamba kwa miaka hamsini mume wake alimsimulia jinsi usingizi wa mle ulivyo mtamu, na leo hataki kulala nyumba yenye kimya.

Merrill na apumzike kwa amani, katikati ya walio wengi.