Risala ya Akina Mama wa Sharpstown Kuhusu Watu wa Msituni Wasiotaka Wageni

Mgeni rasmi, Mchungaji Mkuu Humphrey, mkuu wa idara ya misheni ya makanisa yetu ya Houston na Dallas. Wachungaji wa matawi yetu ya Katy na Irving. Wazee wetu, vijana wetu, na ninyi watoto mnaojibu kwa Kiingereza mkiulizwa kwa Kiswahili: tunawasalimu wote kwa jina la Bwana.

MAKARIBISHO

Baba Mchungaji, karibu Sharpstown. Tunajua umeendesha gari tangu alfajiri kutoka Irving, na barabara ya 45 haina huruma. Pole kwa safari. Leo hatukukuita kulia. Tumeshinda, na mtu hashangilii ushindi peke yake.

JAMBO LILIVYOANZA

Mwaka jana idara yako ilitangaza Safari ya Injili kwenda msitu wa Amazoni, kwa watu wanaoishi ndani kabisa, wasiochangamana na mtu yeyote wa nje. Kijana wetu Lenny wa Irving akachaguliwa kuongoza. Sisi tukaambiwa tuandae zawadi.

Baba, kazi hiyo hatuhitaji kufundishwa. Kwetu mtu haendi ugenini mikono mitupu. Tukajaza mapipa: mablanketi, sweta, nguo za watoto, sufuria. Mama Léoncie akatoa hata blanketi la mjukuu wake aliyekuwa ametoka kuugua mafua wiki ileile. Akalikunja vizuri, akaliombea.

Tulikuwa tukifunga pipa la mwisho alipoingia Chepngetich, binti yetu nesi wa Katy, bado na sare ya kazini. Akashika kiuno.

"Mama zangu, hii yote inaenda wapi?"

"Msituni, mwanangu. Kwa wale watu."

"Wale hawana chanjo hata moja! Flu hawajawahi kuiona. Huku tunakunywa chai ya tangawizi tunaenda job. Kule ikiingia, inamaliza wazee na watoto kwanza, halafu wengine."

Mama Léoncie akasema, "Basi blanketi nitalifua."

"Blanketi utalifua, sawa. Na Lenny mtamfua?"

Tulicheka. Pipa likabaki wazi.

Jumapili iliyofuata Lenny akatuonyesha video aliyotumiwa na mwenye mashua wa kule. Ni njia ndani ya msitu, na katikati ya njia mikuki miwili imesimamishwa, imekingamana. Lenny akafurahi. "Mnaona? Wako karibu sana. Wanatusubiri."

Tukamuuliza, "Mwanetu, ukipiga hodi mara tatu usijibiwe, unafanyaje?"

"Naenda zangu, Bibi."

"Na ukijibiwa kwa mkuki?"

Vijana wenzake walicheka. Lenny hakucheka.

Mzee Balthazar akapaza sauti kutoka nyuma: "Mnawatetea watu ambao hamjawahi hata kuwaona!" Tukamjibu, "Na wewe Balthazar, Mungu unayemtetea ulimwona lini?" Leo ndiye anayegeuza nyama pale nje, na amekuwa wetu kabisa.

Baba Mchungaji, wengi wetu tumetoka Burundi. Tumewahi kulala porini tukiwaziba watoto midomo. Waliokuwa wakituita kwa majina, kwa sauti tamu, si wote walikuwa wema. Tumeelezwa kwamba mababu za watu wengi wa aina hii waliwindwa, wakalazimishwa kwa mijeledi kugema utomvu wa mpira, na waliosalia wakaingia ndani zaidi. Mtu kama huyo hajapotea. Anajua aliko, na amechagua kukaa huko.

USHINDI WETU

Mapipa tuliyafungua. Blanketi na sufuria sasa ziko kwa familia zilizowasili juzi juzi katika majengo haya haya ya Sharpstown, na zinatumika. Akina mama wa Katy wakaungana nasi. Lenny mwenyewe akasimama mbele ya kanisa la Irving akasema, "Mimi siendi, na nawaomba msiende," na vijana wote wakamfuata. Mwenye mashua ameambiwa asitungoje.

Na wewe Baba, siku ya Pasaka, ukatangaza kwamba safari imeahirishwa. Siku hiyo tulipiga vigelegele mpaka jirani wa ghorofa ya chini akagonga dari kwa ufagio. Tukamshushia sambusa, akanyamaza.

CHANGAMOTO

Tunayo moja tu. Ulisema imeahirishwa hadi Desemba. Tumewauliza vijana wa Irving, hawaendi. Katy hawaendi. Sharpstown ndiyo sisi, hatuendi. Kwa hiyo, Baba, tunashindwa kuelewa hiyo Desemba anakwenda nani.

MAOMBI YETU

Tunaomba safari hiyo ifutwe, isisogezwe tena mbele.

Tunaomba pia mikono yetu isikae bure, maana imezoea kutoa. Pembezoni mwa msitu ule kuna vijiji vya watu wanaolinda mto, ili wageni wasipite kwenda ndani. Hao wanajulikana, wana viongozi wao, na wameomba wenyewe: chanjo kwa watoto wao, dawa, mafuta ya mashua ya doria. Idara yako iwasaidie hao, nasi tuko tayari tangu kesho.

Na wale wa ndani tutawaombea tukiwa huku huku Texas. Mungu hahitaji kupanda mashua yetu ndipo awafikie.

HITIMISHO

Baba Mchungaji, Mungu akupe afya, akulindie mama na watoto, akuongezee miaka na hekima ya kuitumia. Utaona akina mama wote wamesimama, na wengine magoti yanauma. Hatujachoka. Tutakaa ukishatamka kwamba safari imefutwa, kisha tutapakua chakula.

Kipaza sauti ni hiki, Baba.

Ni sisi,
Umoja wa Akina Mama wa Subira, Sharpstown, Houston.
Imesomwa kwa niaba yao na Bibi Josiane.