Utumbo Uliogoma Kuamka

"Amepasuliwa, sasa daktari hampi uji mpaka ajambe," seremala alimweleza mama aliyeketi naye basini. Alikuwa akimzungumzia baba mkwe wake. "Utumbo ukishashikwashikwa hulala, na upepo ndiyo dalili umeamka. Tangu jana nimekaa kando ya kitanda mpaka nimetoka sasa hivi, kimya!"

Abiria wa mbele walijifanya hawasikii.

"Baba wee!" mama akaguna. "Mzee mzima ajambe mbele ya mkwewe? Ameubana huyo!"

"Mgonjwa ana aibu gani?"

"Tena nyingi!"

Simu ikalia. Ni mkewe, anacheka huku analia: "Ulivyotoka tu mlangoni, wodi nzima imesikia!"

Seremala alishusha pumzi ndefu. "Alhamdulillahi! Ile dawa aliyopewa asubuhi imefanya kazi."

Basi likasimama. "Dawa gani?" mama akasema, akishuka. "Dawa ni mgongo wako."