Bi Hatsue Kuramochi Anapewa Nafasi Mezani

Tarehe 31 Machi Bi Hatsue Kuramochi anastaafu, baada ya kuwaongoza wasafiri kwa miaka thelathini na mmoja katika milima ya Kii, Japani. Alikuja kwetu kutoka Osaka, msemaji, mpenda samaki, akapewa hekalu la Kibudha ambalo samaki haingii mlangoni na chakula huliwa kimya.

Kosa lake la kwanza bado tunalicheka. Mlo ukiisha, kila mtu husuuza bakuli lake kwa chai, akilisugua kwa kipande cha figili ya chumvi alichobakiza. Hatsue alisahau kuwaambia wageni, nao wakaimaliza figili yote. Mkuu wa hekalu aliyatazama mabakuli, akatafuna kipande chake upesi, akasugua kwa kidole. Wageni wakamwiga.

Miaka kumi iliyopita ofisi yetu ya safari ilitaka kuufuta mlo huo wa kimya. Wageni walinung'unika: wametoka mbali, halafu hawaruhusiwi hata kuuliza wanakula nini. Hatsue aliomba msimu mmoja. Manung'uniko yakiendelea, mlo ungefutwa, naye angeacha kazi.

Akaanza kuwapeleka wageni jikoni alfajiri, wasage ufuta kwa mkono. Mfanyabiashara mmoja wa Nagoya alihema, "Dada, hii ni sala au adhabu?"

Mpishi Iwao hakuinua kichwa. "Saga, bwana. Ukiacha kuuliza, ni sala."

Saa ya kula ilipofika, hakuna aliyehitaji kunyamazishwa. Waliyatazama madonge meupe yaliyopikwa kwa ule ufuta waliousaga kama mzazi anavyomtazama mwanawe akivuka barabara. Yule wa Nagoya alirudi mwaka uliofuata, amemleta mama yake. Mlo ukabaki, na kuanzia Aprili utaongozwa na Bi Kaede Tonomura, aliyefundishwa na Hatsue bila kubembelezwa.

Daktari wangu hazungumzii tena mwaka ujao, basi mimi, mkalimani wa ofisi, nikiri: sala za pale hekaluni nilizitafsiri maisha yangu yote bila kuziamini. Nilichokiamini ni ule ukimya wa mezani alioutetea Hatsue.

Kiongozi wa safari haketi kula na wageni. Husimama nyuma, kisha hula jikoni kilichobaki, kimeshapoa. Zawadi pekee aliyoiomba Hatsue ni nafasi mezani. Kwa hiyo katika mlo wa kumuaga, Jumamosi, hakuna hotuba. Tutakula kimya, yeye akiwa katikati yetu, na shukrani zetu tunazitoa hapa.

Asante, Bi Hatsue. Tunakuombea afya, siku nyingi, na chakula kikiwa bado cha moto.