Kalamu Nyekundu ya Dada Indu Inastaafu

Kwanza ieleweke kwamba duka hili la uchapaji la mtaa wa Kenton, huku ughaibuni, limesimama kwa sababu yangu. Mimi, Anko Zephaniah, ndiye dereva, fundi wa mashine na mshauri mkuu. Bosi wetu Alnashir ni jina tu kwenye kibao, na mwenyewe anajua. Kwa hiyo nilipoombwa niandike haya sikushangaa, ingawa shule niliachana nayo kidato cha pili, ilipoonekana walimu hawana jipya la kunifunza.

Haya. Ijumaa tarehe 27 Juni 2025, dada Indu anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja. Kazi yake ni kusoma prufu, zile karatasi za majaribio, na kuwinda makosa kabla mashine haijayazaa mara elfu. Sheria ya duka ni moja: hakichapwi kitu mpaka mwenye kazi aandike "chapa" chini ya prufu na kutia sahihi.

Jicho lake si la kawaida. Kuna kadi ya harusi iliyopita mikononi mwa familia mbili na wazee sita, wote wakasifu rangi. Indu akauliza kwa upole wageni wataifikiaje tarehe 31 Novemba. Mimi nilikuwa nimeshaiona zamani, ila niliwaachia wengine nafasi.

Mwaka 2007 alichukua likizo ya wiki sita. Aliondoka tukimwita jina ambalo halina kazi tena humu, akarudi Indu, mwanamke aliyejijua hivyo tangu utotoni Mombasa. Surinder, fundi wetu wa kujalidi, akauliza kwa uchokozi ni nani sasa atabeba marobota ya karatasi. Indu alibeba mawili kwa mpigo, akamwekea miguuni, akaenda kuchemsha chai. Mjadala ukafungwa.

Habari zikasambaa. Wanawake wengine waliobadili jinsia wakaanza kuja na maisha yao kwenye mifuko ya supamaketi, wakitaka yawe vitabu. Wa kwanza alikuwa Daisy, muuguzi. Akafuata Reine, fundi cherehani Mkongo, ambaye kurasa zake arobaini za mwanzo zilikuwa za kuomba radhi tu. Indu alizipiga mstari zote. Alimwambia, "Kitabu si mahakama, dada. Acha kujitetea, simulia." Kitabu kikatoka chembamba, cha kuchekesha, na Reine akakigawa Harrow nzima kana kwamba anaolewa.

Vitabu tisa vya namna hiyo vimepita mikononi mwake. Cha kumi kilikuwa chake mwenyewe, na hicho kililala kwenye droo miaka sita bila sahihi.

Kilichomkwamisha ni ukurasa mmoja. Mamake, Bi. Poonam wa Stanmore, alikuwa mwalimu wa darasa la nne Mombasa, na kitabu kiliandikwa kwa Kiswahili, lugha waliyopatana na kugombana kwayo. Indu aliandika kwamba siku aliyomwambia mamake ukweli, mama alijifungia chumbani akalia siku tatu, kama aliyefiwa. Tangu hapo wamekula pamoja kila Jumapili, miaka kumi na minane, na juu ya siku zile tatu hakuna aliyewahi kufungua mdomo. Indu aliogopa mama akiusoma ukurasa ule, hata hizo Jumapili zitakwisha. Akatuapia kwamba siku ya kustaafu prufu yote ataipitisha kwenye mashine ya kukatia karatasi.

Hapo ndipo busara yangu ilipohitajika. Oktoba iliyopita nilimpelekea Bi. Poonam prufu za kalenda ya kina mama wa hekaluni. Bahasha niliyomkabidhi mlangoni haikuwa ya kalenda.

Indu alipojua, hakunisemesha siku nne. Ya tano bahasha ikarudi. Mwalimu alikuwa amesahihisha kwa penseli, ukurasa kwa ukurasa, na mwishoni akampa alama saba kwa kumi kwa sababu ya kuandika kwa haraka. Pembeni ya ukurasa ule aliandika: "Si kweli. Nililia siku moja. Mbili zilizobaki nilikuwa nikipekua masanduku, natafuta bangili zangu za harusi nikupe. Sikuziona, nikaona haya kutoka na mikono mitupu. Sahihisha, kisha chapa."

Indu aliusoma akiwa amesimama kando ya mashine ya kukatia. Surinder alizima mitambo. Kisha Indu akachukua kalamu nyekundu, akakata "tatu", akaandika "moja", akatia sahihi yake. Nakala mia tatu zilichapwa wiki hiyo, na Bi. Poonam alikuja mwenyewe kuhakikisha kama amesahihishiwa.

Dada Indu, asante kwa kutuokoa na aibu zilizokuwa zikielekea mashineni. Mungu akupe asubuhi zisizo na haraka, chai isiyopoa, na Jumapili nyingi na mwalimu wako.

Nami nina deni la neno moja. Miezi minane sasa umeniletea bhajia kila Ijumaa, ukinisifu kwa ujasiri. Bhajia nimezila zote. Ila zile bahasha mbili zilikuwa kwenye droo moja, za rangi moja, na miwani, ambayo huwaambia watu siihitaji, niliiacha nyumbani. Mimi nilijua nimebeba kalenda.