Dada Pasi, Miaka Thelathini na Minne Katikati ya Mvuke

Ijumaa ya tarehe 28 mwezi huu, Dada Pasi atakabidhi funguo za ukumbi wa kufulia baada ya kuutumikia udobi wetu kwa miaka thelathini na minne. Kamati ya sherehe imenipa mimi, fundi wa boila, kazi ya kuandika habari zake. Nilipouliza kwa nini mimi, nikajibiwa kwamba boila siku hizi haziharibiki, kwa hiyo nina nafasi. Msomaji akiona sentensi zimenyooka, amshukuru katibu muhtasi aliyezipitia. Zilizojikunja ni zangu.

Aliingia hapa akiwa msichana wa kupanga foronya. Baadaye akapelekwa kwenye rola, ile mashine ndefu ya kunyooshea mashuka, na huko ndiko alikopatia jina ambalo leo hata mumewe analitumia. Akapanda kuwa msimamizi wa zamu, kisha msimamizi mkuu wa ukumbi. Hawezi kuvumilia mkunjo. Kwenye harusi ya karani wetu wa mapokezi, alipofika mezani kuwapa mkono maharusi, aliona kitambaa cha meza kimejikunja chini ya sahani zao, akaanza kukinyoosha kwa kiganja huku foleni ya watu ikimsubiri nyuma yake. Picha ipo. Bibi harusi ameinua sahani juu ili amrahisishie kazi.

Wengi wanaosoma kijarida hiki wameajiriwa juzijuzi, hawajui kwamba udobi huu nusura ufungwe. Ni zaidi ya miaka kumi na tano sasa. Vijana wa mji huu walikuwa wakihamia kwingine, na waliobaki hawakutaka kazi ya joto na kusimama kutwa. Mashine tatu kubwa zilifunikwa maturubali kwa kukosa watu wa kuziendesha. Mashuka yakawa yanachelewa. Hoteli mbili zikatuhama, na hospitali iliyo ng'ambo ya barabara ikatuma mtu kusema kwamba wagonjwa wamerudishwa wodini bila kupasuliwa kwa sababu hakukuwa na nguo safi. Mwenye udobi, marehemu baba yake mkurugenzi wetu wa sasa, akaanza kutembeza wanunuzi uani.

Wakati huohuo shule moja kuukuu upande wa pili wa mji ilikuwa imejaa watu waliotoka nchi mbalimbali. Wengine walikimbia vita, wengine walifuata kazi, wengine hata wenyewe hawakujua waseme wamefuata nini. Siku yake ya mapumziko, Dada Pasi alipanda basi akaenda huko. Aliingia darasa kwa darasa na mkalimani mmoja, akauliza swali moja tu: nani amezoea kufanya kazi amesimama? Mikono ikainuka. Kulikuwa na muuguzi, mshonaji wa nguo, mchunga mbuzi, mama aliyewahi kuwa na nyumba ya wageni, na fundi wa boila kutoka kiwanda cha sukari. Huyo wa mwisho ndiye mimi.

Mwenye udobi alifurahi, tena kupita kiasi. Alitaka tulipwe nusu ya wengine, kwa maelezo kwamba hatukuwa na pa kwenda. Karani wa mishahara alikuwapo ofisini siku hiyo, na anakumbuka Dada Pasi alivyojibu akiwa bado amesimama mlangoni.

"Mashuka ni yale yale na joto ni lile lile, mzee. Ukiwalipa hawa nusu, mwakani utawaambia wale wangu wa zamani wakubali nusu au waondoke. Hapo watakuwa na haki ya kuwachukia."

Mzee alinung'unika wiki nzima, kisha akakubali. Nimefanya kazi kwingine kabla ya hapa, na ninaamini mambo mengi mema yaliyofuata yalitokana na jibu hilo.

Hata hivyo, hayakufuata upesi. Siku tuliyoingia, wafanyakazi wa zamani waliweka zana chini. Aliyewaongoza alikuwa mdogo wake Dada Pasi, baba mmoja mama mmoja, dereva wa lori letu, ambaye kila mtu anamwita Kona kwa sababu hakuna kona ya mji huu asiyoijua. Alisimama mbele ya rola akamwambia dada yake, sisi sote tukisikia ingawa hatukuelewa bado, kwamba amewaletea watu wa kuwapokonya tonge mdomoni.

"Yale maturubali matatu yale," Dada Pasi akamjibu, "nani kati yenu alikuwa anakula chini yake?"

Kona aliweka ufunguo wa lori juu ya rundo la taulo akatoka. Wenzake walirudi kazini kabla ya chakula cha mchana, lakini yeye hakurudi. Muda mrefu ndugu hao wawili hawakusemezana. Dada Pasi akienda kumwona mama yao, Kona alitoka kwa mlango wa jikoni. Tuliliona jambo hilo likimkaa usoni, ingawa hakulisema kazini.

Miezi ya mwanzo tulimtia aibu. Lugha ilitupiga chenga. Mashuka ya hospitali yalikwenda hotelini, na blanketi za hotelini zikaenda hospitalini. Mchunga mbuzi, kwa moyo safi kabisa, alimimina wanga kwenye taulo badala ya sabuni, na meneja wa hoteli akazirudisha akiwa amezisimamisha wima kwenye kiti cha mbele cha gari kama abiria. Dada Pasi hakupiga kelele. Alifunga utepe wa rangi kwenye kila toroli, akatutungia ishara za mikono ambazo mnazitumia mpaka leo mashine zinaponguruma. Maneno yangu ya kwanza ya lugha hii yalikuwa "pole pole", "hapana, hiyo", na "umekula?"

Si kila kitu kilikwenda sawa. Wapo waliopokea mshahara wa kwanza wakatoweka. Redio ya chumba cha chai ilizua ugomvi wa nyimbo za nani zipigwe, mpaka Dada Pasi akaibeba kwenda nayo nyumbani, ambako bado ipo. Na asubuhi moja tulikuta lango limeandikwa kwa rangi nyekundu, herufi kubwa, turudi kwetu. Tulibaki nje, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuingia. Dada Pasi alikuja na ndoo na brashi, akaanza kusugua bila hotuba. Mkongwe wa rola, mama ambaye tangu tufike hakuwahi kuitikia salamu zetu, akavua saa yake akaitia mfukoni.

"Nipe brashi moja," alisema. "Mimi na hawa tunagombania kiti cha dirishani, hilo ni letu sisi na wao. Lango ni la kazi yetu sote."

Tukasugua pamoja. Rangi ilikuwa nzuri, haikutoka yote, na lango likapakwa upya.

Kuanzia hapo mambo yakaanza kushika kasi. Mshonaji aliona mashuka yaliyochanika pembeni yakitupwa, akaomba cherehani na kona ya ghala. Akawa anayakata kuwa foronya na shuka za vitanda vya watoto. Leo chumba chake cha viraka kina watu tisa, sita kati yao wazaliwa wa mji huu. Muuguzi alitueleza kwamba chumba cha upasuaji hakihitaji rundo la vitambaa, kinahitaji fungu moja kamili kwa kila mgonjwa. Tukaanza kufunga hivyo, na hospitali iliyokuwa ikitulalamikia ikatuletea nyingine mbili. Yule mama wa nyumba ya wageni alizunguka mjini akizungumza lugha zake nne na watu waliofungua vibanda vya chakula, saluni na nyumba ndogo za kulala, wateja ambao sisi hatukujua hata kama wapo. Walikuwa wakifua kwa mikono. Wakawa wetu.

Maturubali yakaondolewa, ikaja zamu ya pili, yakanunuliwa malori mawili. Hapo ndipo tukakwama. Sisi tuliotoka mbali tulijua mvuke na sindano, lakini hakuna kati yetu aliyejua njia za mkato za mji huu, na wenyeji tuliofanya nao kazi hawakuwa madereva. Malori yalipotea, na mashuka yakafika wageni wa hoteli wakiwa wamekaa juu ya magodoro matupu.

Dada Pasi akaenda nyumbani kwa mama yake. Safari hii aliingia kwa mlango wa jikoni, na akamkuta Kona akimenya viazi. Wakati huo hakuwa na kazi ya kudumu. Mazungumzo yao tumeyapata kwa mama yao, na Kona mwenyewe hajayakanusha.

"Nina malori mawili hayana dereva anayejua mji," dada alisema.

Kona akaendelea kumenya. "Na hao watu wako?"

"Wapo. Wao ndio waliosababisha malori yakanunuliwa."

Akamenya kiazi kingine. Mama yao anasema kilibaki kidogo kama gololi. "Nitakuja Jumatatu," akasema. "Lakini si kwa ajili yako."

"Njoo kwa ajili ya lori. Mimi nitakuwa ndani, hutaniona."

Alikuja. Mpakiaji wake alikuwa yule mchunga mbuzi, na kwa majuma kadhaa ndani ya lori hakukusikika neno. Kilichovunja ukimya ni mpira wa miguu. Wanashabikia timu mbili zisizopatana, na wamebishana kila siku ya kazi tangu hapo. Kona ni mkuu wa usafirishaji sasa, ana madereva kumi na wawili chini yake. Yeye na dada yake hawakuombana msamaha mbele yetu. Siku moja tu tuliona wanakula kwenye bakuli moja chumba cha chai, tukajifanya hatujaona.

Anayetaka kujua kazi ya Dada Pasi iliufanyia nini mji huu, atembee barabara yetu kuanzia langoni. Nilipofika, maduka yake mengi yalikuwa yameshushiwa milango ya chuma. Sasa kuna kinyozi, fundi viatu, duka la dawa na mgahawa unaofungua kabla ya zamu ya alfajiri, na wenye biashara hizo baadhi ni wenyeji, baadhi ni watu tuliokuja nao. Shule ya msingi ya jirani, iliyokuwa ikipunguza madarasa, imeongeza. Tulikuja kutafuta mishahara, na mishahara hiyo tuliitumia hapahapa.

Dada Pasi hajawahi kuvuka mpaka wa nchi hii. Mwenye jina la Pasi hakuwa na pasipoti mpaka mwezi uliopita. Kwao mshonaji kumetulia, na amemwalika aende naye akae mwezi mmoja, amtambulishe kwa mama yake na dada zake. Dada Pasi amekubali, lakini ana wasiwasi. Juzi aliniita pembeni ya boila, akaniuliza mtu anafanya nini siku ya kwanza mahali ambapo hajui lugha. Sikuwahi kumwona akiogopa kitu kabla ya hapo. Nilimwambia akosee tu, watamsahihisha. Tangu hapo anajifunza "asante" na "nimeshiba" katika chumba cha viraka, na matamshi yake yanawafanya washonaji wasimamishe cherehani ili wacheke vizuri.

Dada yetu, kwa niaba ya zamu zote mbili, tunakushukuru kwa ulivyotupokea na kwa ulivyotusubiri. Uende salama, urudi salama, miguu yako iliyosimama muda wote huo ipate kiti, na nyumba yako isikose wageni.